Bahari ya sebuleni Mandera: matoleo matatu, yote yakirudi nyuma

Leo naweka pembeni habari za seva na hifadhidata. Kuna jambo jingine limenikaa moyoni muda mrefu, na kila mgeni anayeingia kwetu hapa Mandera hunikumbusha. Anaketi, anapewa chai, halafu macho yake yanaangukia chombo cha kioo kilichokaa sakafuni kwenye kona. "Hiki nini?" Nikimjibu kwamba ni bahari, anacheka.

Ana haki ya kucheka. Maji yetu ni mto Daua, na Daua wenyewe miezi mingine ni mchanga mtupu. Mombasa iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, achilia mbali barabara. Bahari iliyo karibu nasi zaidi si ya Kenya kabisa, ni ile ya Barawa nchini Somalia, kama kilomita 400, kule ambako wenyeji wanasema Chimiini, Kiswahili cha kaskazini kuliko vyote. (Ndiyo, ukitoka hapa kwenda baharini kwa njia fupi unakutana tena na Kiswahili! Watu wa Nairobi hawaamini nikiwaambia.)

Nataka kusimulia historia ya hicho chombo, na historia yenyewe ni mbili zilizosokotana: yangu ya miaka michache, na ya watu waliojaribu jambo hili kabla yangu tangu London ya miaka ya 1840. Sisi watu wa programu tumezoea kuamini kwamba toleo jipya huenda mbele. Mimi niliboresha tangi langu mara mbili, na kila nilipomaliza niligundua kwamba nimerudi nyuma. Toleo la kwanza lilikuwa la mwaka 1986. La pili lilikuwa la 1961. Hili la tatu, ambalo ndilo limeishi kuliko yote, ni la 1829.

Nianze na mawe, maana mawe ndiyo yaliyonitia wazimu huu. Ukitoka mjini kuelekea Rhamu utaona vilima vya mawe ya chokaa, na ukiinama ukatazama vizuri utakuta makombe yaliyogeuka jiwe, na mahali pengine vipande vya matumbawe. Awowe wangu alikuwa akituambia hayo ni mabaki ya gharika ya Nabii Nuhu. Katika miaka ya 1950 wanajiolojia wa serikali ya kikoloni walizunguka eneo hili wakichora ramani, na matabaka ya mawe wakayapa majina ya mahali petu: Didimtu, Murri, Rahmu, Seir, Hereri. Ni mawe ya kipindi cha Jurasiki, miaka kama milioni 160 hadi 180 iliyopita, wakati bara kubwa la Gondwana lilipoanza kupasuka na bahari ikaingia kwenye ufa huo hadi hapa kwetu. Kwa hiyo Awowe hakukosea kuhusu maji. Alikosea tarehe tu.

Nilipoelewa hivyo nikajiuliza: jiwe hili likirudishwa kwenye maji ya chumvi, litafanya nini? Swali la kitoto, lakini sikuweza kuliacha.

Mwaka 2018 nikaanza. Fundi wa vioo wa mjini alinikatia vioo vya milimita 6, nikaviunganisha mwenyewe kwa silikoni ile inayonuka siki (isiwe ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, inaua viumbe), nikapata tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Likijazwa linachukua kama lita 90. Kwa wanaofuga samaki wa baharini hilo ni tangi dogo sana, na udogo ndio ugumu. Bahari haina habari na samaki mmoja akifa. Lita 90 zina habari.

Chumvi niliagiza Nairobi, mfuko wa chumvi ya kutengenezwa, ikaja na basi juu ya magunia ya watu. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu chumvi hii ina historia inayotuhusu sisi watu wa bara. Watu wengi hudhani ufugaji wa viumbe vya baharini ulivumbuliwa na watu wa pwani. Mtu wa pwani ataufanyia nini? Anatembea hatua mia anaona samaki. Waliohangaika ni waliokuwa mbali. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse, ambaye ndiye aliyelieneza neno "aquarium", alitoa pishi la maji ya bahari ya kutengenezwa kwa ajili ya watu wasioweza kuletewa maji halisi: chumvi ya kawaida ya mezani, chumvi ya Epsom, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi. Vitu vinne tu, kutokana na uchambuzi wa maji ya bahari uliokwisha kufanywa kule Brighton. Chokaa hakuiweka, akiamini kwamba kiasi kidogo kinachohitajika kimo tayari ndani ya maji ya kawaida. Wakati huo huo London ilikuwa na mfanyabiashara aitwaye William Alford Lloyd, aliyekuwa na duka la kuuza viumbe hai vya baharini pamoja na maji yao. Na mfuko wa chumvi ambao wafugaji wa dunia nzima wameutumia tangu miaka ya 1960 ulitokea jimbo la Ohio, Marekani, mahali ambako ukitaka bahari unasafiri kama sisi tu.

Basi nikachanganya: gramu 35 kwa lita moja ya maji. Maji ya kisima chetu ni magumu na yana chumvi zake zisizojulikana, kwa hiyo nilitumia maji ya kunywa yaliyosafishwa, yale ya mitungi ya lita 20. Kumbukeni hilo la maji ya kunywa, tutalirudia.

Sasa toleo la kwanza. Kwa nini nasema lilikuwa la 1986? Mwaka huo George Smit aliandika mfululizo wa makala katika jarida moja la wafugaji huko Marekani, akionyesha matangi yenye matumbawe hai na chini yake chujio la kudondoshea: maji yanamwagika kutoka juu juu ya vipande vya plastiki vilivyo hewani, bakteria wanakaa kwenye plastiki, maji yanarudi safi. Makala hizo ziliwasha moto. Watu ambao walikuwa wameridhika na samaki na matumbawe yaliyokufa wakaanza kutaka mwamba mzima ulio hai. Mimi nilitengeneza chujio langu kwa ndoo mbili za mafuta ya kupikia, na badala ya vipande vya plastiki vya dukani nikatumia vifuniko vya chupa za soda, mamia, ambavyo watoto wa jirani walinikusanyia kwa malipo ya pipi. Pampu moja ya kupandisha maji, hita sikuhitaji (Mandera!), feni mbili za kompyuta za kupoza.

Lilifanya kazi kama saa. Siku ya nne nikaleta samaki watatu wadogo wa buluu, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni huko pwani, wakaruka na ndege hadi hapa ndani ya mifuko iliyojazwa oksijeni. Siku ya tisa sikuwa na samaki hata mmoja.

Kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nimewasha seva ambayo haijawekewa programu yoyote. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni hatari, na wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Kazi hiyo ilijulikana tangu miaka ya 1890, Winogradsky alipowatenga bakteria hao kutoka udongoni. Lakini wanahitaji wiki nyingi kuongezeka, na hakuna amri ya kuwaharakisha. Jambo linalonichekesha mimi kama mtu wa programu ni kwamba kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji viliandika kwamba kazi ya pili hufanywa na Nitrobacter, hadi mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walipochunguza matangi halisi wakakuta anayeifanya ni Nitrospira. Maelezo yalikuwa na kosa miaka yote hiyo na mfumo ulikuwa unaendelea kufanya kazi. Nani kati yetu hana programu ya namna hiyo?

Nikasubiri wiki sita na tangi tupu. Hooyo alipita kila asubuhi akasema, "Unalipia umeme wa kuzungusha maji matupu?" Nikamwambia hayako matupu. Akatikisa kichwa.

Umeme wenyewe ndio uliolimaliza toleo la kwanza. Wakati huo umeme wa mji wetu ulitoka kwenye mitambo ya dizeli ya hapa hapa, haukuwa wa gridi ya taifa. Usiku mmoja ulikatika saa nne, ukarudi saa sita mchana wa siku ya pili. Saa 14. Kwa chujio la kudondoshea hilo ni janga, kwa sababu bila pampu vifuniko vyangu vya soda vinakauka, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Samaki wawili niliokuwa nimewapata upya walikuwa wakipumua juu juu. Nilichota jagi la maji ya tangi, nikalimwaga kutoka juu. Nikachota tena. Nilipochoka binamu yangu mdogo akashika jagi, halafu, sikutegemea, Hooyo. Alivuta kiti, akaweka redio, akamwaga maji jagi baada ya jagi hadi adhana ya alfajiri, akilalamika muda wote. Samaki waliishi.

Baadaye nikasoma habari za Anna Thynne nikakaa kimya. Bibi huyu wa London alikuwa Torquay mwaka 1846, akapenda matumbawe magumu aliyoyaona, akayashona kwa sindano na uzi kwenye sifongo ili yasigongane njiani, akayabeba hadi jijini ndani ya mtungi. Maji ya bahari aliletewa kutoka pwani. Maji yalipochelewa, mtumishi wake wa kike alikuwa akiyamwaga yale ya zamani kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi kila siku, ili yapate hewa. Matumbawe hayo yaliishi karibu miaka mitatu, na mwaka 1847 Thynne akaongeza mimea ya baharini isaidie kazi. Vitabu vinamtaja yeye kama mtu wa kwanza kuwa na tangi la bahari lililosimama sawa. Mikono ya kumwaga maji ilikuwa ya mtumishi ambaye simulizi nyingi hazimtaji jina.

Nikaamua: kitu kinachokufa pampu ikizimika hakifai Mandera. Hapo ndipo nikaenda 1961.

Mwaka huo Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alichapisha makala katika jarida la Kimarekani akieleza matangi yake: maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa kidogo, na mawe hai yaliyotolewa baharini pamoja na vijidudu vyake vyote. Hakuna chujio. Ulaya na Marekani wakati huo tangi zuri lilikuwa lenye mitambo, na wengi hawakumsadiki. Ilichukua miaka mingi hadi wafugaji wa Berlin, na kule Monaco Jean Jaubert katika miaka ya 1980, kuonyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba kazi ya chujio inafanywa na mawe na mchanga wenyewe, ndani kabisa, mahali pasipo na oksijeni, ambapo bakteria wengine humalizia naitreti na kuitoa kama gesi. Tangi kubwa la Monaco la 1989 lilikuwa na matumbawe ya kutoka Jibuti, jirani zetu wa Pembe.

Mawe hai mimi sikuwa nayo, na sikutaka kuagiza yang'olewe. Nilikuwa na mawe ya Rhamu. Unajua tayari nilichofanya.

Si kila jiwe linafaa, kwa hiyo sikilizeni. Kaunti yetu ina jasi nyingi, hasa El Wak, ambako visima vya zamani vilichimbwa ndani ya jasi, na jasi huyeyuka kwenye maji ikaharibu hesabu yote. Njia rahisi: dondosha siki juu ya jiwe kavu. Likitoa mapovu ni chokaa. Likinyamaza, liache. Nilisugua mawe kwa brashi ya waya, nikayaloweka wiki tatu, nikayapanga yasigusane sana ili maji yapite. Wengine hudhani jiwe la chokaa litatoa kalsiamu ndani ya tangi. Hapana, maji ya bahari yakiwa na pH ya 8 na kidogo, jiwe la namna hii haliyeyuki. Linakaa tu, na kazi yake ni kuwa nyumba. Mbegu za uhai zilitoka kwenye konokono watano na kiganja cha mchanga mbichi kutoka kwa yule yule muuzaji, pamoja na pampu ndogo ya hewa ya betri.

Miezi minne hakuna kitu, ila ukungu wa kahawia na majani ya kijani ya kuchukiza. Mwezi wa tano, kwenye jiwe moja lililokuwa na alama ya kombe la zamani, nikaona doa la waridi, dogo kuliko punje ya mchele. Ni mwani wa chokaa, ule unaopaka miamba ya baharini rangi ya waridi na zambarau. Ulikuja na magamba ya konokono ukaamua kuhamia. Nilimwita Hooyo. Akatazama, akasema, "Hilo doa?" Ndiyo, hilo doa. Jiwe lililokaa juani tangu kabla ya kuwapo mwanadamu limeshikwa tena na kiumbe cha baharini, sebuleni kwetu, na mimi ndiye niliyeliloweka.

Mtaniuliza: matumbawe yako wapi, si ulisema ni mwamba? Sina. Niliamua hivyo, na sababu iko kwenye historia hiyo hiyo. Kitabu cha Gosse cha 1854 kilipotoka, Uingereza nzima ilishikwa na homa ya matangi. Watu walishuka pwani na nyundo na vikapu. Mwanawe, Edmund, aliandika mwaka 1907 jinsi fukwe za utoto wake zilizokuwa zimejaa uhai zilivyobaki tupu, na jinsi baba yake alivyoumia kujua kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyowaita watu. Kwetu Kenya, hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, lakini nje ya hifadhi samaki wa mapambo wamekuwa wakikamatwa kwa nyavu za mkono na kupelekwa ng'ambo kwa miongo. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walipoona samaki wanapungua, na wakusanyaji wa samaki wa mapambo wakiwa miongoni mwa waliolaumiwa, walitenga sehemu ya bahari yao mwaka 2005 wakakubaliana hakuna wa kuvua humo. Na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Baada ya kusoma hayo, niagize tumbawe lije lichemke Mandera? Sikuweza. Samaki wale wa buluu wananisuta hadi leo.

(Nilipata ndugu mmoja wa matumbawe hata hivyo: anemoni mdogo wa kahawia aitwaye Aiptasia, aliyejificha kwenye mchanga. Wafugaji wote wanamwona gugu na kumchoma sindano. Mimi nilimwacha. Hapa Mandera atamsumbua nani?)

Toleo la pili liliendelea vizuri, mpaka nilipotaka kulifanya la kisasa. Tatizo la joto letu ni kwamba maji yanapotea hewani lakini chumvi inabaki. Tangi langu lilipoteza lita 2 kwa siku wakati wa jua kali. Piga hesabu: siku tatu bila kuongeza, lita 6 zimekwenda, chumvi imepanda kutoka 35 hadi 37.5. Basi nikatengeneza kifaa: Arduino, swichi yenye boya, pampu ndogo, mtungi wa maji safi. Programu ilikuwa na maana ya mstari mmoja tu: maji yakishuka chini ya alama, washa pampu, yakifika, zima. Niliiona nzuri. Chumvi iliyokauka ikaganda kwenye boya, boya likakwama chini, na pampu ikatii amri usiku kucha. Asubuhi mtungi wa lita 20 ulikuwa mtupu, sebule imelowa, zulia la Hooyo limelowa, na chumvi ya tangi imeshuka hadi 28. Konokono wawili walikufa. Sikuwa nimeweka kikomo cha muda. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kuweka kikomo cha muda!

Nikaongeza kikomo, na swichi ya pili juu ya ile ya kwanza. Kilifanya kazi mwaka mzima bila hitilafu. Kisha ukaja ukame.

Mvua za mwisho wa 2020 hazikuja ipasavyo, na misimu minne iliyofuata nayo ikashindwa. Kufikia 2022 mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara zote za kaunti hii. Mjini watu walipanga foleni ya mitungi tangu usiku. Sisi tulikuwa na nafuu kwa sababu nina mshahara, lakini mbuzi watatu wa Hooyo walibaki mmoja. Siku moja shangazi alikuja kutoka kijijini na watoto. Mtoto mmoja alikaa mbele ya tangi, na wakati huo huo kifaa changu kikaamka: bzzz, maji safi ya kunywa yakamiminika kwenye maji ya chumvi. Mtoto akamgeukia Hooyo akauliza, "Haya maji anakunywa nani?"

Hooyo hakunigombeza. Alinitazama tu, akasubiri nijibu mimi.

Usiku huo nilizima kifaa. Samaki aliyekuwa amebaki (mwingine alikufa kwa uzee, nadhani) nikampeleka Nairobi kwa rafiki mwenye tangi, nikiwa nimempakata kwenye ndege kama mtoto. Nikabaki na mawe, mchanga, konokono, na lile doa la waridi ambalo sasa lilikuwa limeenea kama kiganja. Kuyatupa ilikuwa rahisi. Nilikaa siku mbili nikifikiria nitupe.

Ndipo nikamkumbuka daktari wa London aitwaye Nathaniel Ward. Mwaka 1829 alifungia buu la nondo kwenye chupa yenye udongo wenye unyevu, akakuta jimbi limeota humo. Maji yalipanda kama mvuke mchana, yakagonga kioo, yakashuka tena. Hakuna aliyenyweshea. Kutokana na hilo akatengeneza visanduku vya vioo vilivyosafirisha mimea hai kuvuka bahari zote. Waliofuata na matangi ya maji, akina Warington na Gosse, walijua habari za visanduku hivyo. Mimi nilikuwa nimesoma yote haya na bado nilikuwa nafikiria pampu, kumbe jibu ni kifuniko.

Nikachukua chombo cha kioo cha lita 20, nikahamishia humo mawe matatu pamoja na maji yake ya zamani, mchanga, konokono watatu, anemoni gugu na tonge la mwani wa kijani. Juu nikaweka kioo kilichokatwa kikae kwa kuinama kidogo, ili matone yateleze kurudi ndani, nikaacha upenyo mwembamba kwa ajili ya hewa. Hakuna pampu. Nilikiweka sakafuni, kona ya mashariki, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, ambapo jua la dirishani hufika saa mbili tu asubuhi. Samaki hawezi kuishi humo, na sitaki aishi humo. Wiki ya kwanza nilipima chumvi kila siku: 35, 35, 35. Ya pili 35.5. Baada ya mwezi nikajua kinachohitajika ni glasi moja ya maji kwa wiki. Kutoka lita 14 hadi glasi moja!

Mwisho wa 2023 mvua zilirudi kwa hasira, Daua ukafurika, na hiyo ni habari ya siku nyingine. Chombo kipo. Doa la waridi limezunguka jiwe zima isipokuwa palipo na alama ya kombe, sijui kwa nini limepaepuka. Gugu la Aiptasia limezaa, sasa ni saba. Glasi ya maji ninamwachia Hooyo, amekataa nifanye mimi, anasema nitaweka mashine. Huiweka Ijumaa asubuhi, baada ya kumnywesha mbuzi.